Mwaka wa Mbuzi Vipara

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Asteria, tulikuwa nyuma ya nyumba yake pale Mwankoko tunaosha masufuria ya msiba, Veneranda akanishika bega na kuniambia nisiumie sana moyoni, kwa maana wao walishamsamehe. Veneranda ni mdogo wake Pascali, mwanaume aliyewahi kumwoa dada. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Ilongero na magoti yake mabovu, amekaa nasi msiba mzima, amepika na amelia, kwa hiyo sikumrushia sufuria. Nilimuuliza tu, "Mlimsamehe nini?" Akashusha sauti. "Yale ya mbuzi, Mwalimu. Yameshapita." Neema, binti wa kaka yangu Damiani, alikuwa hapo hapo anasuza sahani. Akainua kidevu, kama anavyoinua kila anapotaka kumwona mtu usoni, akauliza, "Mbuzi gani?" Mama yake akamtuma maji haraka, wakati ndoo mbili zilikuwa zimejaa mbele yetu.

Neema ana macho ya Asteria. Kope zake za juu ni fupi na nzito, haziinuki zikafika mwisho, na kila anayemwona mara ya kwanza hudhani ametoka kulala. Mwezi ujao, alizeti ikishavunwa, wageni wa posa wanakuja. Asubuhi ile hakujua bado kwamba macho yale yana habari nyingine ndani yake. Baba yake alijua, mama yake alijua, mimi nilijua, na kwa miaka kadhaa Damiani alikuwa akinijibu neno lile lile: ngoja akue, ngoja amalize shule, ngoja aolewe kwanza. Nilipomsikia Veneranda akinigawia msamaha kwenye karai la vyombo, nilishikwa na hasira ambayo hata sasa ninapoandika haijashuka. Nitausimulia mwaka ule niliokaa Ilongero kwa dada, kwa sababu walioushuhudia wanaendelea kuusimulia kwa uongo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, nikapelekwa nikamsaidie dada kazi. Nyumba yao ilikuwa tembe ya kizamani, paa la udongo, ndani baridi hata mchana wa jua kali. Mimi nililala kwenye chumba cha kuhifadhia nafaka, kati ya vihenge viwili vya uwele, na ukuta wa chumba hicho ulipakana na jikoni. Ukuta ulikuwa na ufa. Kwa hiyo kila lililosemwa mafigani nililisikia nikiwa nimejilaza mkekani baada ya chakula cha mchana, nikinusa moshi na mlenda uliokauka chunguni. Mama Pascali, mama mkwe wa dada, alikuwa mwanamke wa kazi, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mambo ya kawaida aliyasema kwa Kiswahili. Akitaka kumsema mtu aliyekuwa karibu alihamia Kinyaturu, kana kwamba mimi na dada tulizaliwa nchi nyingine. Tulikuwa Wanyaturu kama yeye, tumekulia mjini tu.

Pascali alimpenda dada kwa ajili ya macho. Hilo alilisema mwenyewe mbele yangu, bila aibu, akiwa na bakuli la maziwa mgando mkononi. "Nilimwona kwenye kwaya, shemeji, anarembua. Nikasema huyu huyu." Watu wote walisema hivyo: Asteria anarembua. Wanaume walidhani anawatega, wanawake walidhani anajidai, na kwa vile ilimbidi kuinua kidevu ili aone chini ya kope zake, wengine wakaongeza kwamba ana dharau. Dada hakuwa anarembua. Alikuwa anajitahidi kuona. Utotoni alikuwa akizishikilia kope kwa vidole ili asome ubaoni, na mwalimu akamchapa akidhani anasinzia. Lakini neno tamu likishakukaa ni vigumu kulikataa, naye aliolewa na neno hilo, akafurahi nalo miaka ya kwanza. Mtoto alipochelewa, neno likageuka. Mama Pascali akaanza kumwita Usingizi. "Usingizi, umeteka maji?" "Mwambieni Usingizi ng'ombe wametoka." Alisema kwa kucheka, na nyumba nzima ikacheka, Pascali naye akacheka.

Kitu ambacho hawakukijua ni kwamba dada alikuwa ameacha kuona siku zake. Aliniambia mimi, tukiwa tunapepeta uwele, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Zilikuja vizuri usichanani, zikaanza kuruka miezi, kisha zikakatika kabisa, na wakati huo hata miaka ishirini na mitano hakuwa ameifikisha. Alikwenda zahanati. Mganga wa zahanati akamuuliza kama amewahi kutoa mimba. Hilo ndilo swali pekee aliloulizwa. Akarudi nyumbani kwa miguu, hakurudi tena huko, na mimi nikimkumbuka yule bwana na koti lake jeupe hadi leo natamani ningekutana naye barabarani.

Sasa mbuzi. Baba mkwe, ambaye alikuwa ameshafariki, hakuwahi maishani mwake kuweka dume lisilo na pembe. Mbuzi jike asiye na pembe alimwacha akae zizini, lakini dume lilikuwa sharti liwe na pembe, na wazee wa pale wote walifanya hivyo bila kueleza kwa nini. Pascali aliuona huo ni ushamba. Mzee alipokufa, yeye akatafuta dume kipara, jeupe, refu, zuri kweli, na kila mtu aliyepita alisimama kulitazama. Mbuzi wasio na pembe hawaumizani zizini, alisema, na wanafanana na mbuzi wa kisasa. Akawa anawauza wenye pembe na kubakiza vipara. Nilipofika mimi, dume lile lilikuwa limeshazalisha, mabinti zake wamekua, na limewapanda mabinti zake mwenyewe. Zizi zima lilikuwa vichwa laini. Pascali alilisifu zizi lake kila jioni, na sisi tulikula ugali tukimsikiliza.

Watoto wa mbuzi walizaliwa wakati wa mvua za kwanza. Mimi na dada ndio tuliokuwa tukiwashika, tukiwapangusa, tukiwaelekeza kwenye chuchu. Wengi walikuwa wazima. Lakini kati ya majike vipara tuliona baadhi wana kitu cha ajabu chini ya mkia, kidogo kama punje ya harage, mahali ambapo hakikupaswa kuwepo. Na wale waliozaliwa mwaka uliotangulia wakiwa hivyo hivyo, ambao Pascali alikuwa akisubiri wapate mimba, hawakupata. Walinuka kama beberu. Walipanda wenzao. Wengine walikojoa wakiwa wamesimama vibaya, si kidume si kike. Ukiwapa dume hawakulitaka, na dume lenyewe liliwapita. Pascali, aliyekuwa akilisifu zizi kila jioni, sasa alikula na kwenda kulala.

Mchana mmoja nikiwa nimelala kati ya vihenge nikasikia Mama Pascali na Veneranda mafigani. Veneranda alikuwa msichana wa rika langu wakati huo, alikuwa amekuja kusaidia kukoboa. Mama alikuwa anaongea Kinyaturu, polepole, kama mtu aliyeshalifikiria jambo muda mrefu. Alisema: nani anayewakamua? Nani anayewashika watoto wao wakitoka tumboni? Mikono ya nani? Veneranda akauliza, "Unamaanisha Usingizi?" Mama akasema kwamba ugumba ukiwa ndani ya mtu haukai ndani yake tu, unatafuta pa kutokea. Hawa mbuzi wamekuwa jikedume kwa sababu wanashikwa na jikedume. Kisha nikasikia mwiko ukigonga chungu, na Veneranda akasema, "Kweli, mama. Hata macho yake, mbuzi wakimwona wanamkimbia." Huo ulikuwa uongo mtupu. Mbuzi wale walikuwa wakimfuata dada hadi mlangoni.

Kuanzia siku hiyo dada alikatazwa zizi. Hakuruhusiwa kukamua, wala kuwatekea mbuzi maji, wala kupita upande wa juu wa zizi upepo ukivuma kuelekea kwao. Maziwa aliwekewa kwenye kibuyu chake peke yake. Chakula kikipakuliwa, Mama Pascali alimpakulia mwisho, kwenye bakuli la bati ambalo zamani lilikuwa la kuku. Mimi nilikula naye kwenye bakuli lile lile ili waone. Pascali alikuwa akitazama pembeni. Dada alimuuliza mara moja, mbele yangu, mchana, mlangoni, "Baba, na wewe unaamini hivyo?" Akamjibu, "Mimi sijui, mke wangu. Ninachoona ni mbuzi." Nilikuja kujifunza maneno mengi makali maishani mwangu, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na hakuna moja lililonichoma kuliko hilo. Alikuwa mtu mzima, alilala naye kitanda kimoja, na alichoona ni mbuzi.

Kikao kilifanyika baada ya mavuno. Baba yetu aliitwa kutoka mjini, akaja kwa lori la alizeti, amevaa kanzu yake ya kanisani na koti juu. Walimpa kigoda, wakachinja kuku, wakaweka na pombe ya uwele, kila kitu kwa heshima. Sisi wanawake tulikaa nje, lakini mlango ulikuwa wazi nami nilimwona baba vizuri. Mjomba wa Pascali akaeleza habari yote, mtoto hakuna, na sasa mifugo nayo imeingiliwa. Akamuuliza baba yetu, kwa adabu, kama katika ukoo wake kumewahi kutokea mwanamke wa namna hii. Baba akafikiri. Nakumbuka aliinua kidevu ili amtazame msemaji, akairudisha nyuma shingo yake, kope zake mbili nzito zimefunika nusu ya macho, akasema, "Kwetu hakuna kitu kama hiki. Sijui mtoto huyu amekitoa wapi." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtazama yeye kisha akamtazama Asteria. Watu wazima kumi na kitu ndani ya chumba kimoja, macho yale yale mawili yako ndani na mengine mawili yako mlangoni, na wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Tuliondoka na baba siku ile ile. Dada alibeba godoro lake na mimi nikabeba sanduku. Mbuzi wote vipara wasiozaa walichinjwa wiki iliyofuata, nyama ikaliwa, na Pascali akapewa mke mwingine ambaye alimzalia. Akanunua dume lenye pembe, mambo ya zizi yakanyooka, na huo ukawa ushahidi. Mwanamke ametoka, mbuzi wamepona. Ukiwa Ilongero leo utasimuliwa hivyo hivyo, na anayekusimulia ataapa.

Mimi nilifundisha biolojia shule za sekondari, nyingi zikiwa upande wa Ikungi, hadi nilipostaafu, na miaka mingi nilifundisha urithi kwa kutumia njegere kama kitabu kilivyosema. Ukweli wa dada sikuupata kitabuni. Niliupata Neema alipokuwa mdogo, tulipompeleka hospitali ya rufaa akapasuliwe kope, upasuaji ambao mwishowe uliziinua kidogo tu. Daktari wa macho, mwanamke kijana, alimtazama mtoto, akamtazama Damiani aliyekuwa amembeba, ambaye macho yake ni hayo hayo, akatuuliza taratibu, "Katika familia, wanawake wenye macho haya, wamezaa?" Akatueleza kwamba kuna jeni ambazo kazi yake si kujenga kitu chochote zenyewe, bali kuamrisha jeni nyingine. Mimi nilielewa kwa neno la kwetu: mnyapara. Mnyapara habebi tofali. Anapita asubuhi anasema wewe anza, wewe simama, na bila yeye tofali zipo, udongo upo, nyumba haisimami. Mtoto akiwa bado tumboni, mnyapara mmoja huyo huyo hupita kwenye kope kusema zikatwe hivi, na hupita kwenye vifuko vya mayai vya mtoto wa kike kusema muwe hivi, na mkae hivi. Mtu ana nakala mbili. Moja ikiwa mbovu, kope hutoka fupi, na kwa baadhi ya familia mayai ya mwanamke huisha mapema mno. Mwanaume hadhuriki kitu zaidi ya kope. Anazaa vizuri kabisa, na anapitisha.

Niliporudi nikaanza kusoma kama mtu aliyedaiwa. Nikafika kwenye mbuzi. Nilisoma ukurasa ule nimesimama, kisha nikakaa. Mbuzi wasio na pembe wamepungukiwa kipande kwenye uzi wao wa urithi, na kipande hicho hakijengi kitu. Ni mahali pa kumwitia mnyapara. Ukipungukiwa upande mmoja, huoti pembe, basi. Ukipungukiwa pande zote mbili, kama inavyoweza kutokea ukimpandisha kipara kwa kipara, jike lako linaanza tumboni kama jike na mnyapara hafiki, na linageuka kuwa kitu cha katikati kisichozaa. Na mnyapara anayekosekana ni yule yule. Wa kope za dada yangu. Wa kope za baba. Mbuzi, binadamu, ng'ombe, panya, sote tumepewa mnyapara huyo mmoja tangu kale, na anafanya kazi ile ile. Sina hakika ya dada kwa kipimo, damu yake haikuwahi kupimwa, lakini ya Neema ilipimwa na jibu likarudi kwamba nakala yake moja ni mbovu.

Kwa hiyo Mama Pascali alisema kweli, na hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Alisema ugonjwa wa mwanamke na wa mbuzi ni mmoja. Kati ya watu wote waliokaa kile kikao, yeye peke yake aliona kwamba vitu viwili vile vinahusiana, na akili hiyo nzuri ya kuona akaitumia kumlisha mtu kwenye bakuli la kuku. Mbuzi waliharibiwa na Pascali aliyeleta dume. Dada aliletewa na baba aliyeleta macho. Wanaume wawili walikaa pale ndani kama waliokosewa, na aliyebeba godoro alikuwa Asteria.

Nilimwambia dada yote, pale Mwankoko, tukichambua mchicha barazani kwake. Sikujua atalia au atafurahi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mbuzi wale walikuwa wanaumwa. Nikasema hapana, walikuwa wazima, hawakuzaa tu. "Kama mimi," akasema. Akaweka shina moja kando, akasema, "Baba alikufa ananionea aibu." Akaendelea na mchicha. Kabla sijaondoka aliniambia jambo moja, bila kunitazama: Neema asije akaambiwa na mama mkwe.

Hayo ndiyo niliyoyasema nyuma ya nyumba, siku ya tatu ya msiba. Neema alirudi na maji yasiyohitajika, nikamwambia akae. Nikamwita Damiani kutoka kwa wanaume. Akaja, akaona uso wangu, akasema, "Dada, si leo. Tuna msiba." Nikamwambia leo hasa. Veneranda alitaka kuinuka nikamwomba abaki, na nikaanza na mbuzi, kwa kuwa ndio aliowaulizia mtoto. Nilisema kila kitu, kwa Kiswahili, bila kuhamia lugha nyingine. Veneranda alilia wakati wa bakuli la bati, na sikumbembeleza. Mama yake Neema alikuwa akirudia tu, "Na posa je? Na posa je?" Nikamwambia Neema kwamba bado kuna muda, kwamba daktari anaweza kumpima wiki hii hii aone mayai yamebaki kiasi gani, kwamba akitaka mtoto asikawie, na asipotaka au asipopata hakuna mtu aliyemkosea na hakuna wa kumsamehe.

Neema alimuuliza baba yake swali moja tu, "Ulijua?" Damiani akatazama masufuria. Akasema alikuwa anamlinda, alikuwa anaogopa wageni wasije wakageuza njia. Binti akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, na nilidhani ataondoka.

"Waje," akasema. "Nitawaambia mwenyewe. Na wewe, baba, utakaa kiti cha karibu yangu, wakuone macho."